Tathmini ya Constitute: Kuisoma Katiba ya Komoro Mtandaoni

Constitute ni tovuti ya bure inayokusanya katiba za nchi karibu zote duniani. Ilifunguliwa mwaka 2013 na watafiti wa katiba linganishi, wakiwemo Zachary Elkins wa Chuo Kikuu cha Texas na Tom Ginsburg wa Chuo Kikuu cha Chicago, na haimdai msomaji ada yoyote. Nimeipima kwa nchi ambayo siasa zake hutajwa sana huku pwani ilhali katiba yake husomwa kwa nadra, yaani Muungano wa Komoro.

Kipimo changu kilikuwa urais wa zamu. Baada ya visiwa vya Anjouan na Mwali kujitangazia kujitenga mwaka 1997, mapatano yaliyotiwa saini mjini Fomboni mnamo Februari 2001 yalizaa katiba ya Desemba mwaka huohuo, iliyoamuru kiti cha urais kizunguke katika visiwa vitatu: wagombea walichujwa kwanza na wapiga kura wa kisiwa chenye zamu, kisha watatu walioongoza wakapelekwa mbele ya wapiga kura wa nchi nzima. Kisiwa cha Ngazija kilianza na Azali Assoumani mwaka 2002, Anjouan ikafuata na Ahmed Abdallah Sambi mwaka 2006, Mwali ikampata Ikililou Dhoinine aliyeapishwa mwaka 2011, na mwaka 2016 zamu ikarejea Ngazija, na Azali akarejea pamoja nayo. Kura ya maoni ya Julai 2018 ndiyo iliyovuruga hesabu hiyo, kwa sababu iliruhusu muhula wa miaka 5 urudiwe mara moja kabla ya zamu kuhama, na nafasi za makamu wa rais zikafutwa. Azali akachaguliwa tena mwaka 2019 na 2024, na Anjouan, iliyokuwa ikiutazamia urais mwaka 2021, sasa inautazamia 2029.

Mambo haya yanatafutika upesi. Ibara zimepangwa kwa mada, hivyo anayetaka kujua muhula wa mkuu wa nchi hupelekwa moja kwa moja penye kifungu chenyewe bila kupekua waraka mzima. Hata hivyo, thamani kubwa ya huduma hii, kwa maoni yangu, ni uwezo wa kuweka katiba mbili ubavu kwa ubavu. Niliiweka ya Komoro kando ya ile ya Mauritius, na hapo ndipo nilipoona kwamba nchi zote mbili zilikuwa na hofu moja ya kundi fulani kuachwa nje ya madaraka, lakini kila moja ikaitibu mahali tofauti. Mauritius iliitibu bungeni: Jedwali la Kwanza la katiba yake linatenga hadi viti 8 vya nyongeza, juu ya 62 vya kuchaguliwa, ili jamii zilizopata uwakilishi mdogo zipate viti kupitia wagombea wao walioshindwa kwa karibu. Komoro iliitibu kwenye urais wenyewe, dawa kali zaidi, ambayo pia ni rahisi zaidi kuchezewa na aliyeketi kitini. Shelisheli, ambako rais huchaguliwa na taifa zima bila kujali kisiwa, haikuhitaji lolote kati ya hayo.

Tovuti ina mipaka yake. Inaonyesha katiba tu. Haionyeshi kwamba mnamo Aprili 2018, miezi michache kabla ya kura ya maoni, rais alihamishia mamlaka ya Mahakama ya Katiba kwenye Mahakama ya Juu, wala haielezi kwa nini wanajeshi wa Tanzania waliingia Anjouan mnamo Machi 2008 pamoja na wenzao wa Umoja wa Afrika kumng'oa Mohamed Bacar, kiongozi wa kisiwa hicho. Msomaji asiyeijua historia hiyo ataiona zamu ya visiwa kama mpango mtulivu wa kiutawala. Lugha kuu za huduma ni Kiingereza, Kiarabu na Kihispania, na Kiswahili hakimo. Zaidi ya hayo, tafsiri ya Kiingereza haina nguvu ya kisheria huko Komoro, kwa hiyo mwanasheria anayetaka kunukuu hana budi kurejea kwenye waraka rasmi.

Kwa mwalimu wa uraia au mwanafunzi wa sheria ninaipendekeza bila kusita, mradi ibara za urais zisomwe pamoja na magazeti ya mwaka 2018.