Solda ya tini na nikeli: miezi tisa kwa meza yangu Kondele, Kisumu

Kuna watu niliwaahidi nikimaliza rola ya kwanza nitaandika, sasa imeisha wiki jana, basi hii hapa. Ni ile waya ya solda, ya kuyeyusha kuunganisha vifaa kwa bodi za elektroniki, isiyo na risasi (madini ya lead), milimita 0.8, imeandikwa Sn-0.7Cu-0.05Ni kwa kibandiko, yaani karibu yote ni tini (tini yenyewe, sio mabati ya paa), shaba asilimia 0.7 na nikeli asilimia 0.05 peke yake. Kwa kilo nzima ya waya nikeli ni nusu gramu. Na hiyo nusu gramu ndio imenifanya niandike.

Kazi yangu kubwa sio simu, ni taa za kuvulia omena (dagaa) usiku. Wavuvi wa Dunga na wengine wanatoka mbali huko Usenge wananiletea hizo LED za kuelea na betri zake. Hiyo taa inateseka, usiku mzima bodi iko moto, alfajiri inamwagiwa maji ya ziwa, halafu inatupwa ndani ya mashua inagongana na makasia hadi ufuoni. Kuna mzee mmoja wa Dunga alirudisha taa moja mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara ya tatu akasimama hapo mlangoni akaniambia, "Fundi, hii kitu imenizimia tena katikati ya ziwa, na wewe uliniambia iko sawa." Iliniuma, juu kweli nilimwambia iko sawa, na solda niliyoweka ilikuwa inang'aa hadi inapendeza. Nikaiweka chini ya lenzi. Solda yenyewe haikuwa imekatika popote, lakini chini kabisa, pale inapokutana na shaba ya bodi, kulikuwa na ufa mwembamba umezunguka mguu wa LED kama pete. Ukiusukuma na kibano unacheza.

Wengi wetu tunachukulia solda kama gundi na sio gundi. Tini ikiyeyuka juu ya shaba inakula ile shaba kidogo, na hapo katikati kunazaliwa kitu kipya kabisa ambacho si tini wala si shaba, atomu sita za shaba kwa tano za tini, Cu6Sn5. Jointi ikikatwa ikawekwa kwa maikroskopu, hiyo tabaka inaonekana kama magamba ya samaki ngege yamepangwa juu ya shaba, unene wake kwa jointi nzuri ni maikroni moja hadi tatu hivi (maikroni elfu moja ndio milimita moja). Bila hiyo tabaka hakuna jointi, solda itabanduka tu. Lakini ukichoma muda mrefu ikawa nene sana pia umeharibu, juu hiyo kitu ni ngumu na inavunjika kama kigae. Shaba ya kawaida ukiikunja inakubali kwa sababu atomu zake zinateleza moja juu ya nyingine, zote ni sawa tu, lakini hapa kila atomu ina jirani yake maalum, ukiisogeza tini inajikuta imekaa mahali pa shaba, kwa hivo badala ya kuteleza inapasuka.

Nilisoma fizikia kabla sijaingia kwa hii kazi, na hii sehemu inayofuata naipenda kabisa. Angalia vile mama anapanga machungwa pale soko la Kibuye, safu juu ya safu. Ndani ya hiyo Cu6Sn5, hayo machungwa yawe ni tini. Kati yake kunabaki mianya, weka ndimu moja kwa kila mwanya mkubwa, hizo ndimu ni shaba. Ukihesabu inatoka ndimu moja kwa chungwa moja, tano kwa tano. Je ile shaba ya sita inakaa wapi? Inajipenyeza kwa mianya mingine ya pembeni, na kati ya kila mianya mitano ya aina hiyo ni mmoja tu unapata mkaaji. Joto likiwa juu ya nyuzi 186 hao wa ziada wanakaa popote bila mpangilio na fuwele nzima (huo mpangilio wote wa atomu) inabaki na umbo la pembe sita. Chini ya hapo wanataka kujipanga, kila mmoja na nafasi yake, na wakijipanga fuwele inapinda kidogo, inaacha umbo la pembe sita inakuwa ile inaitwa monokliniki, na inavimba kama asilimia 2.

Sasa fikiria. Jointi inapoa kwa sekunde chache, hakuna muda wa kujipanga pale mezani. Kujipanga kunakuja polepole baadaye, taa ikiwa kazini na imepata joto. Kitu inayovunjika kama kigae, imebanwa kati ya shaba na solda, inavimba. Sisemi ndio sababu pekee, kugongwa na moto baridi moto baridi pia zina mchango wake, lakini ule ufa wangu wa pete ulikuwa umepita hapo hapo.

Nikeli inaingia kwa nafasi za shaba ndani ya hiyo fuwele na kuizuia isigeuke, inabaki pembe sita hata ikipoa kabisa. Hii waliionyesha Kazuhiro Nogita wa Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia pamoja na Tetsuro Nishimura wa Nihon Superior, kampuni ya Japani iliyoleta huu mchanganyiko, mwaka wa 2008. Rola yangu sio ya hiyo kampuni, mchanganyiko ndio ule ule.

Kwa mkono inaendaje? Inayeyuka nyuzi 227 wakati ile ya zamani ya tini na risasi, 63 kwa 37, ni 183, kwa hivo gun yangu ya solda (ile chuma ya moto ya kuyeyushia) imepanda hadi 370 na ncha zinaisha haraka, nimebadilisha mbili tayari. Bodi yenye shaba nyingi lazima uipashe moto kwanza la sivyo unasukuma tu uji. Ikishika lakini inatembea vizuri na inakaa laini, inang'aa, sio kama zile zingine bila risasi zenye zinabaki na uso wa mchanga. Bei nimelipa karibu mara mbili ya ile ya kawaida, ila hiyo ya kawaida pia siku hizi ni bahati, kuna duka moja mjini lilinipa rola imeandikwa 63/37 na ikipoa inakaa laini laini kama matope kabla ya kushika, wakati 63/37 ya kweli inatoka maji inakuwa ngumu mara moja. Ukiona hivo jua huenda risasi imezidishwa.

Na hiyo risasi ndio jambo lingine, ni sumu. Kijana ninayemfundisha alikuwa anashika waya kwa meno mikono ikiwa na kazi, kisha anakula ugali hapo hapo, na mimi nilikuwa namwona nanyamaza. Ulaya waliizuia kwa vifaa vingi vya elektroniki tangu Julai 2006. Kwa meza yangu sasa haipo.

Kwa mtu anayeanza na gun ya solda isiyo na kipimo cha joto siipendekezi, atachoma bodi za watu. Kwa taa, chaja za sola, kontrola za boda za umeme, kitu chochote kinachopata joto na kugongwa, nunua. Ile taa ya mzee niliitoa solda yote nikaanza upya na hii waya, mwezi uliopita ameileta tena, nikashtuka, kumbe ni swichi imeingia maji. Nikaifungua hata hivo nikaangalia miguu yote ya LED moja moja chini ya lenzi, hakuna pete.