Mafundi waliotujengea baraza la mbao Entebbe: ghali, ila ningewaita tena

Kiwanja chetu kinashuka kuelekea ziwani na baraza letu la kwanza la mbao halikumaliza hata miaka miwili. Fundi yule alitupa bei kwa simu bila kukanyaga hapa, mimi nikaona nafuu nikatuma hela, akaja na mbao za mkaratusi mbichi kabisa, nguzo akazizika kwenye udongo hivi hivi. Siku mama mkwe alipokanyaga ubao mguu ukazama mpaka gotini ndo nikafukua nguzo moja, chini limebaki ganda tu, ndani pamejaa udongo wa mchwa. Iliniuma sana.

Hawa wa sasa, mzee na vijana wake watatu, walikataa kutaja bei kabla ya kuja. Mzee akachukua sululu akachimba sehemu tatu. Karibu na nyumba udongo mwekundu mgumu, safi, lakini kule chini shimo likaanza kutoa maji tukiwa tunaliangalia. Akauliza 2020 ziwa lilipopanda maji yalifika wapi, nikamwonyesha alama kwenye ukuta wa jirani. Akasema, "Mama, pesa yako itaishia huku chini, sio pale mtakapokaa."

Na kweli, kwa ule mteremko nguzo za mbele zimenizidi kimo, kila moja imesimama juu ya zege na chuma ili isiguse udongo, halafu mbao za mshazari za kuzikaza, yani karibu theluthi ya hela iliisha kabla ubao wa kukanyagia haujapigwa!

Mbao tulifuata Ndeeba, Kampala. Mvule mchwa hawauwezi kirahisi lakini bei yake jamani, tukachukua wa kukanyagia tu, fremu ikawa payini iliyotiwa dawa, skrubu zote za galvanaizi. Lori likagoma kuingia njia yetu sababu ya matope, tukalipa vijana wabebe begani. Hapo kosa langu, ningesubiri kiangazi cha Desemba hadi Februari.

Walichelewa wiki mbili, na mkono wa ngazi haujapigwa msasa vizuri, watoto wanachomwa vibanzi. Nimewaambia, wamesema watarudi.

Juzi baada ya mvua kumbikumbi wametoka kwa fujo, nikashuka na tochi usiku ule ule nikakagua nguzo moja moja. Zote kavu, hakuna hata mstari wa udongo wa mchwa.