Walinipimia rangi ya maji wakaiita ya mafuta

Nachora kwa mtindo wa Tingatinga katika chumba cha uani nyumbani kwangu Dar es Salaam, na hasira niliyo nayo juu ya duka moja la rangi hapa mjini haijapoa hadi leo. Mteja aliniagiza picha ya kanga sita kwenye hadibodi. Anayemjua kanga anajua kwamba uzuri wake wote umo katika vile vitone vyeupe vilivyotapakaa mwilini. Ukivikosea, umechora kuku.

Tangu Edward Saidi Tingatinga auanzishe mtindo huu mwaka 1968, sifa yake imekuwa rangi za enameli, yaani rangi za mafuta zile zile zilizopakwa baiskeli, kwa kuwa zinang'aa na kuushika ubao barabara. Hukauka polepole, nami huzivumilia: kwanza usuli, kisha miili ya ndege, ndipo vitone. Nyeupe iliniishia nilipofika hapo hapo.

Dukani niliomba rangi nyeupe ya mafuta. Kijana alinipimia kutoka kwenye ndoo isiyo na nembo, na nilipomwambia kwamba siisikii harufu yoyote, alijibu kuwa hiyo ni ya kisasa, hainuki. Nilimwamini, maana nimenunua hapo miaka mingi. Usiku huo nilitia vitone kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti, mamia kwa mamia, vikakaa vizuri, ila vilikauka upesi mno. Nilipotumbukiza kijiti kwenye tapentaini, ambayo huyeyusha rangi ya mafuta, ili nikisafishe, rangi iliganda mabonge mabonge kama maziwa yaliyokatika, na hapo moyo ulinipasuka. Asubuhi niligusa kitone kwa ukucha, kikabanduka kizima kama gamba la samaki.

Ilikuwa rangi ya maji. Ingetangulia chini na enameli ikaja juu yake, pasingekuwa na neno. Lakini juu ya enameli iliyokwisha kukauka na kuteleza kama kioo, rangi ya maji haina pa kushika.

Nilirudi na ubao wangu kwapani. Kijana yule, bila hata kuinua macho kutoka kwenye chenji aliyokuwa akiihesabu, alisema: "Dada, rangi ni rangi tu. Labda ni mkono wako." Rangi ni rangi! Anasema hivyo mtu anayewauzia wachoraji.

Haki isemwe: brashi zao ni imara, hazinyonyoki manyoya, na mzee mwenye duka humfungulia mteja kopo aone mwenyewe anachonunua. Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema nendeni, ila mtafuteni mzee na mkatae rangi ya kupimiwa. Sasa nakumbuka kwamba siku ile mzee huyo alikuwa ameketi hatua tatu tu kutoka pale, akasikia kila neno, akanyamaza. Basi msiende, hata kwa brashi.

Vitone vyote nimevikwangua kwa wembe. Kanga wa tatu amebaki na mikwaruzo kifuani ambayo imenilazimu kumpaka upya mwili mzima, na mteja nimemwomba aningoje wiki nyingine, kwa sababu enameli haiharakishwi.