Kipima pumzi ya udongo cha kubeba mkononi: shambani safi, kwenye seli bado

Nyie mnaouliza kila siku kama hivi vifaa vya kubeba vya kupima upumuaji wa udongo (yaani hewa ukaa inayotoka ardhini mizizi na vijidudu vinapopumua) vinafaa kununuliwa, nimetumia kimoja kuanzia kiangazi mpaka mvua zikaisha, kwa hiyo nina la kusema. Jina la kampuni naliacha maana vingi vimeundwa kwa mtindo mmoja: kuna chemba kama bakuli lililopinduliwa, unaikalisha juu ya pete ya plastiki uliyoichomeka ardhini, pampu ndogo inazungusha hewa kati ya chemba na sensa, na ndani ya sensa kuna mwanga wa infraredi wa mikromita 4.26 hivi, ambao hewa ukaa inaunyonya sana. Mwanga unaofika upande wa pili ukipungua, kifaa kinajua hewa ukaa imeongezeka. Dakika mbili tatu tu umeshapata namba yako.

Kwa kasi hapa sina malalamiko kabisa. Waliozoea njia ya zamani ya kuacha kikopo cha sodiamu haidroksaidi, dawa inayonasa hewa ukaa, chini ya ndoo kutwa nzima halafu unarudi maabara kutaitreti (kupima kwa matone ya asidi ni kiasi gani kimenaswa) wanajua ninachosema, unapata namba moja kwa siku nzima, na pale udongo unapopumua kwa nguvu ile dawa haiwahi kuinasa hewa yote kwa hiyo namba inatoka ndogo kuliko ukweli. Wazo lenyewe la kufunika udongo na kupima kinachotoka si geni, Msweden Henrik Lundegårdh alikuwa analifanya miaka ya 1920, ila kuiona grafu ikipanda palepale mbele ya macho yako ni kitu kingine.

Na kilichonifanya nikipende ni mvua ya kwanza. Ardhi ikiwa imekauka kabisa mstari unatambaa tu, chini ya mikromoli 1 ya hewa ukaa (mikromoli ni kipimo cha wingi wa molekuli) kwa mita ya mraba kwa sekunde, unaweza kudhani pampu imekufa. Mwagia maji hapohapo, funga chemba tena, mstari unapanda karibu wima! Vijidudu vilivyokuwa vimelala vinaamka, vinakula mabaki ya wenzao waliokufa kwa ukame pamoja na mboji iliyofunguka udongo ulipokauka na kulowana, na hewa ukaa inatoka kwa fujo kisha inaanza kushuka. Hii inaitwa athari ya Birch, kwa jina la H. F. Birch aliyeiandika mwaka 1958 akifanya utafiti Muguga, Kenya, yaani somo linalotajwa dunia nzima lilitoka kwenye udongo wa huku kwetu Afrika Mashariki. Ukiwa na kile kikopo cha kutwa ule mlipuko unafichwa ndani ya wastani na huwezi kujua ulianza lini. Kwa hilo peke yake kifaa kimejilipa.

Sasa matatizo. Mpira unaoziba kati ya chemba na pete ni mwembamba mno, punje moja ya mchanga ikikaa hapo hewa inavuja na mstari unapinda mapema, lazima uufute kila unapohama. Programu yake nayo inachora mstari mnyoofu tu, wakati hewa ukaa ikijaa ndani ya chemba inapunguza kasi ya nyingine kutoka, kwa hiyo ukifunga muda mrefu mstari mnyoofu unakupa namba ya chini. Nashukuru data ghafi unaweza kuitoa, mimi natupa sekunde za mwanzo kisha napiga hesabu mwenyewe. Skrini juani haionekani. Na usiinamie chemba inapofungwa jamani, pumzi ya mtu ina hewa ukaa kama sehemu 40,000 kwa milioni wakati hewa ya nje ni 420 na kidogo, ukipumulia pale kipimo kimeharibika. Pete nazo chomeka siku moja kabla au zaidi, maana ukichimbua udongo na kukata mizizi kisha ukapima hapohapo unapima vurugu uliyoifanya mwenyewe.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba programu inakupa alama ya "afya ya udongo", eti namba ikiwa kubwa udongo ni mzima. Hapana! Sensa inahesabu hewa ukaa, haijui imetoka kwa nani. Mwaka 2001 mtafiti Högberg na wenzake walitoa matokeo ya msitu wa misonobari kaskazini mwa Sweden, walibandua pete ya gome kwenye miti ili sukari ya majani isishuke kwenye mizizi, na upumuaji wa ardhi ukapungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miezi miwili. Ina maana sehemu kubwa ya pumzi ilikuwa ya mizizi na kuvu wanaoishi nayo, sio mboji kuoza. Ukipima karibu na shina na mbali na shina namba zinaachana, na udongo wenye chokaa nyingi unaweza kutoa hewa ukaa kikemia tu bila kiumbe yeyote kupumua. Hiyo alama izimeni.

Kuna na chupa ya maabara kwenye boksi, wanasema unaweza kupimia hata seli. Kwa udongo uliochekechwa inafaa: unatia glukosi, unapima saa chache za mwanzo kabla vijidudu havijazaliana, unakadiria vipo kiasi gani, ndiyo njia ya watafiti Anderson na Domsch ya 1978. Lakini kwa seli zenyewe, mfano hamira, inakwama, kwa sababu hamira ikikosa oksijeni inaendelea kutoa hewa ukaa kwa uchachushaji, na sensa haioni tofauti yoyote. Seli inayopumua kweli inatumia oksijeni mwisho wa mnyororo wa elektroni kwenye mitokondria (vile vijiwanda vya nishati ndani ya seli) na kupata ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kama 30 kwa glukosi moja, inayochachusha inapata 2. Anayefanya kazi ya mitokondria atafute kipima oksijeni, elektrodi ya Clark ya miaka ya 1950 bado inamfaa kuliko hii, anaweka oligomisini ya kuzuia kimeng'enya kinachotengeneza ATP na anaona palepale oksijeni inavyotumika polepole.

Nyota nne kwa shambani, mbili kwa maabara. Mkiagiza ombeni mpira wa akiba na pete nyingi, kwa sababu chemba ni moja na idadi ya pete zilizokwisha kutulia ardhini ndiyo inayoamua utapima sehemu ngapi kabla jua halijapasha udongo.