Uzoefu wangu na magome ya msindano kwa udongo wa bonsai

Gunia ninalolitathmini linauzwa na muuzaji mmoja wa miche pembezoni mwa mji wa Arusha, nalo limeandikwa kwamba magome ya msindano (msonobari) yaliyomo yako tayari kwa kupandia. Mali yenyewe ni nzuri na bei yake haiumizi, hasa ukiilinganisha na akadama, ule udongo wa Kijapani ambao kuuagiza hadi huku ni gharama isiyo na maana kwa mtu anayelea nyumbani bonsai zake, yaani miti inayofanywa iwe midogo ndani ya vyungu vifupi. Lakini kusema yako tayari si kweli, na anayenunua ajue kuwa kazi kubwa inaanza baada ya kufungua gunia.

Nililimwaga lote juu ya turubai. Mlikuwa na mapande ya gome yenye upana wa kiganja, unga mwingi, majani makavu ya msindano, vijiwe, na vibanzi vyeupe vya mbao vilivyobanduka pamoja na gome kiwandani. Hivyo vibanzi ndivyo vya kuondoa kwanza, tena kwa mkono, kwa sababu mbao huoza upesi kuliko gome, na vijidudu vinavyoiozesha hujichukulia naitrojeni ambayo mti ungeitumia. Ndiyo maana mtu huweka mbolea na bado majani yakawa ya njano. Msindano unaopandwa kwa wingi katika misitu ya Meru na Kilimanjaro ni ule wenye asili ya Meksiko, ambao gome lake la juu ni jembamba na hubanduka kama karatasi, ilhali la chini karibu na kisiki ni nene, la kahawia na lenye mipasuko. Hilo nene ndilo linalofaa. Lile jembamba hugeuka unga mara tu unapoligusa, na katika gunia hili lilikuwa jingi kuliko nilivyotarajia.

Mapande makubwa nimeyaloweka kidogo kabla ya kuyakata kwa mkasi wa kupogolea, kwa kuwa gome kavu likigongwa nyundo hutoa vumbi zaidi kuliko chenga. Baada ya hapo nikachekecha mara mbili: kwanza kwa wavu wa matundu ya milimita 6, kisha kwa wa milimita 3, nikabakiza kilichopita kwenye wavu wa kwanza kikakwama kwenye wa pili. Hatua hii haina njia ya mkato. Unga ukibaki huziba nafasi za hewa kati ya chenga, maji husimama chini ya chungu, na chungu cha bonsai kwa kina chake kifupi hakina pa kuyapeleka. Takribani nusu ya gunia iliishia upande wa unga, ambao nimeumwaga kwenye bustani ya mboga juu ya udongo, kwa hiyo siuhesabu kuwa hasara kamili.

Chenga zilizobaki nilizitia kwenye ndoo ya maji. Gome kavu huelea na vijiwe huzama, hivyo usafi unakamilika bila taabu; maji nayo hubadilika yakawa kama chai ya rangi, nikayamwaga na kuyabadilisha hadi rangi ilipopungua. Wengi hushauri magome yavundikwe kwa wiki kadhaa pamoja na mbolea yenye naitrojeni. Ushauri huo ni sahihi kwa lundo kubwa, ila gunia moja ni dogo mno kupata joto la kuozesha. Mimi niliyaacha yakiwa na unyevunyevu ndani ya ndoo iliyotobolewa, nikiyageuza mara kwa mara, mpaka harufu kali ya utomvu ikaisha na ikabaki harufu ya udongo wa msituni. Ukungu mweupe uliojitokeza haukunitia hofu, kwani hula gome na si mizizi hai.

Mchanganyiko wangu ni sehemu moja ya magome kwa sehemu mbili za kokoto nyekundu za volkeno, zilizochekechwa kwa ukubwa uleule. Mkuyu umeupenda sana: nilipoutoa chunguni kukagua, vijizizi vyeupe vilikuwa vimeng'ang'ania chenga za gome hata kuzitenganisha kukawa kazi. Mzeituni mwitu nimeupunguzia gome, na waridi la jangwani nimelinyima kabisa, kwa kuwa shina lake huoza likikaa na unyevu. Faida nyingine kwa sisi tunaomwagilia maji yenye magadi ni kwamba gome la msindano lina asidi kiasi, ingawa halitoshi kuyatibu maji peke yake.

Kasoro iliyobaki ni ya magome yoyote, si ya muuzaji. Yakikauka kabisa hukataa maji, yakawa yanateleza juu na kutokea pembeni, hivyo chungu kilichosahauliwa kwenye jua kali inabidi kizamishwe kwenye beseni. Vilevile hulainika kadiri miaka inavyopita, na mti hauna budi kubadilishiwa udongo kabla hayajawa tope. Nitanunua tena, lakini safari ijayo nitaomba mapande mazima ya gome la chini, hata kama bei itapanda kidogo, kwa kuwa kuyakata mwenyewe kunanipa chenga nyingi kuliko zile alizonisagia.