Wiki tatu langoni na rada ya kukagua silaha: uzoefu wangu

Mimi ni mlinzi wa lango kwenye jengo la ofisi na maduka hapa Nairobi, na huu ni mwaka wangu wa 11. Miaka yote hiyo nimefanya kazi na ile fimbo nyeusi ya kugundua chuma. Walinzi wenzangu wanaijua kasoro yake: ili ilie, ni lazima nimkaribie mtu hadi nisikie anavyopumua. Kama ana kisu, ameshanifikia. Kama amejifunga bomu, itakapolia hatutakuwa na pa kukimbilia. Tarehe 15 Januari 2019, hoteli ya DusitD2 iliposhambuliwa kule Riverside, hapa Nairobi, mmoja wa washambuliaji alijilipua, na watu 21 waliuawa katika shambulio lile. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi niliripoti kazini nikaishika fimbo ileile. Sijawahi kuisahau asubuhi hiyo.

Ndiyo maana mwezi wa nne, muuzaji mmoja alipotuletea rada ya mkononi tuijaribu kwa wiki tatu, nilijitolea kuwa wa kwanza kuishika.

Kwa ukubwa inakaribia kamera ya wapiga picha za harusi. Inarusha mawimbi ya redio mafupi sana, ya kupimwa kwa milimita. Mawimbi hayo yanapenya shati, koti hata buibui, lakini ngozi huyarudisha kwa sababu ina maji mengi, na chuma huyarudisha kwa nguvu zaidi. Kompyuta iliyo ndani inapima mwangwi huo na kuulinganisha na wa mtu asiyebeba kitu. Haitoi picha ya mwili. Hilo ndilo akina mama waliloniuliza kwanza, na nilifurahi kwamba niliweza kuwageuzia kioo cha mashine wajionee wenyewe: taa ya kijani au nyekundu, basi. Wala si eksirei.

Ukitaka kununua chombo cha aina hii, usikubali muuzaji akufanyie maonyesho yake. Kuna Mwingereza aitwaye James McCormick aliyeiuzia Iraq vifaa vya ADE 651 vya kutafutia mabomu, na kumbe vilikuwa na antena tu, havikuweza kugundua chochote. Alifungwa miaka 10 mwaka 2013, lakini vifaa vyake viliendelea kutumika kwenye vizuizi vya Baghdad hadi 2016. Askari wale walikuwa walinzi kama mimi, wanasimama mbele ya magari wakiamini mkono wao umeshika kinga.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilimwomba muuzaji akae pembeni. Tuliwapanga wenzetu sita, mmoja amechomeka bastola ya bandia ya chuma kiunoni, nami sijui ni nani. Rada ilimpata. Tukabadilishana, ikampata tena. Mara ya tatu bastola ilikuwa mgongoni, na taa ikabaki kijani mpaka tulipomwambia ageuke. Mawimbi hayapiti mwilini, na muuzaji hakuwa ametueleza hilo. Tangu hapo kila mtu tulimwomba ageuke mara moja kabla ya kuingia.

Kazi kubwa haikuwa kuijua mashine, ilikuwa kulipanga lango. Foleni yetu ilikuwa inasimama hatua mbili kutoka kwangu, na rada, ambayo faida yake ni kumkagua mtu akiwa bado mbali, kwa umbali huo haiizidi fimbo kwa lolote. Tena watu wakibanana, mwangwi wao unachanganyika na mashine haijui ni wa nani. Tulichora mstari wa njano mita 8 kutoka mlangoni, na watu wakawa wanatoka pale mmoja mmoja. Siku za kwanza tulilaumiwa sana, hasa asubuhi. Kufikia wiki ya pili watu wengi walisimama kwenye mstari bila kuambiwa.

Masika ilitusumbua. Koti lililolowa maji liliwasha taa nyekundu mara nyingi mno, na hivyo hivyo tableti iliyowekwa mfuko wa ndani. Lililoniumiza zaidi ni mama aliyebeba mtoto mgongoni kwa leso. Alipogeuka ikawaka nyekundu, na watu wote nyuma yake wakamtazama kwa hofu. Nilimwendea, nikaona mtoto amelala, nikamwomba mama radhi mbele ya watu walewale. Anayeuza mashine hii Afrika Mashariki ilimpasa awe ameijaribu kwa mtoto wa mgongoni kabla ya kufika kwetu.

Vijana wa hapa wakisema "kaa rada" wana maana ya kukaa macho, na kwa kweli rada hii haikunipunguzia kukaa macho hata kidogo. Jioni moja taa ilikuwa nyekundu kwa kijana mmoja, koti lake kavu kabisa. Nilimwambia kutoka pale niliposimama, "Kaka, baki hapo hapo, fungua koti polepole." Alikuwa na kisu kirefu cha bucha kimefungwa kwa gazeti; ndiyo kazi yake, alikuwa anakipeleka kunolewa. Tulikiweka kwenye kabati la walinzi, akakichukua wakati wa kutoka. Lakini mazungumzo yale yote yalifanyika tukiwa mita 8, mlango uko nyuma yangu, na kitufe cha kuufunga kiko karibu na mkono wangu wa kushoto. Kitufe hicho kiliwekwa kwa sababu wiki ya kwanza nilimuuliza meneja: taa ikiwa nyekundu kwa kweli, na mimi sina bunduki, nifanye nini? Hakuwa na jibu. Siku tatu baadaye fundi alikuja.

Bei iliwashinda wenye jengo, na wiki ya tatu ilipoisha muuzaji aliichukua rada yake. Niliomba mambo mawili yabaki, nikakubaliwa. Kitufe bado kinafanya kazi, na mstari wa njano tumeupaka rangi upya mwezi uliopita. Fimbo ninayo tena mkononi, lakini watu wanatoka pale mmoja mmoja, na ninapata mita 8 za kuwatazama mikono kabla hawajanifikia.