Dragon Quest XI: toleo lipi ununue, na wahakiki walilalamikia nini

Ukiitafuta Dragon Quest XI, gemu la Kijapani la hadithi ndefu na mapambano, madukani utakutana na majina mawili yanayofanana na alama zisizolingana. Jarida la Famitsu la Japani lililipa gemu hili alama 40 kwa 40 mwaka 2017. Toleo la PS4 lililoingia Ulaya na Marekani 2018 lina 86 kwa 100 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki. Toleo la Switch, mashine ya Nintendo, la 2019 lina 91. Hadithi kuu ni ileile na mashujaa ni walewale. Kilichobadilika ni muziki, kasi ya mapambano na nyongeza kadhaa, yaani yale yale ambayo wahakiki waliyalalamikia mara ya kwanza. Kwa hiyo alama peke yake haikusaidii kuchagua. Angalia lalamiko lipi linakugusa wewe, kisha nunua toleo lililolishughulikia.

Majina kwanza, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Toleo la kwanza ni Dragon Quest XI: Echoes of an Elusive Age. Lilitoka Japani tarehe 29 Julai 2017 kwa PS4 na Nintendo 3DS, halafu nje ya Japani tarehe 4 Septemba 2018 kwa PS4 na kompyuta. La pili lina herufi S baada ya namba, na chini yake maneno Definitive Edition. Hilo lilitoka kwa Switch tarehe 27 Septemba 2019, kisha kwa PS4, Xbox One na kompyuta tarehe 4 Desemba 2020. Hakuna njia ya kulipandisha la kwanza liwe la pili, si bure wala kwa kulipia, na ulichoseva kwenye la kwanza hakihamii kwenye S. Ukianza na diski ya zamani, hiyo ndiyo safari yako hadi mwisho.

Walichosifu, walichokataa

Sifa zilikuwa karibu za aina moja kila mahali. Yuji Horii, aliyeanzisha mfululizo huu 1986, hakujaribu kuufanya uwe kitu kingine. Mapambano ni ya zamu: unachagua amri, adui naye anajibu. Mazimwi na wahusika vilichorwa na Akira Toriyama, na kwa mara ya kwanza katika gemu kuu la mfululizo huu, mashine ilikuwa na nguvu ya kutosha kuionyesha michoro yake jinsi alivyoichora. Wahusika wa pembeni walipendwa sana, hasa Sylvando, msanii wa sarakasi anayeanza kama kichekesho na kuishia kuwa moyo wa kikosi. Tafsiri ya Kiingereza ilisifiwa peke yake. Watu wa mji wa Gondolia wanaongea kwa lafudhi ya Kiitalia, na wenyeji wa kijiji cha Hotto wanazungumza kwa mizani ya haiku, yaani mashairi mafupi ya Kijapani, sentensi baada ya sentensi, hata unaponunua dawa. Ni kazi ya ufundi mkubwa. Lakini kama Kiingereza chako ni cha kusoma polepole, maeneo hayo yatakuchosha. Lugha nyingine zilizomo ni pamoja na Kifaransa, Kijerumani, Kiitalia na Kihispania.

Lalamiko kubwa lilikuwa muziki. Toleo la kwanza linapiga nyimbo za Koichi Sugiyama kwa sauti za kompyuta badala ya okestra, na wimbo wa kutembea porini unajirudia mno. Katika gemu la saa 60 na zaidi, hilo si jambo dogo. Anayecheza kwa vipindi vya nusu saa huenda asilione. Anayekaa nalo Jumamosi nzima ataishia kupunguza sauti.

La pili ni wepesi. Wachezaji wazoefu walimaliza mapambano mengi kwa kubonyeza tu amri ya kushambulia. La tatu ni kwamba mhusika mkuu haongei, hata pale ambapo kijiji chake kimepatwa na balaa na wote wanamtazama. Matukio ya kuigiza yanahitaji mtu anayejibu, na yeye anatikisa kichwa. Hilo halikurekebishwa popote. Vivyo hivyo na vile vichekesho vya puff-puff vya kuwadhalilisha wanawake, ambavyo wahakiki wengi waliviona vimepitwa na wakati. Kama unamnunulia mtoto, fahamu kwamba vimo.

Halafu kuna mwisho. Majina ya waliotengeneza gemu yanapita kwenye skrini, na bado kuna sehemu nzima ya tatu ya hadithi inayokusubiri. Wapo wahakiki walioiona sehemu hiyo kuwa zawadi, na wapo waliosema inapunguza uzito wa yaliyotokea sehemu ya pili. Bila kukuharibia, ukinunua gemu hili panga muda wa kulimaliza kweli, saa 80 hadi 100. Anayeacha pale majina yanapopita ameacha hadithi njiani.

1. XI S kwenye kompyuta

Hili ndilo tunaloliweka juu kwa msomaji wa Afrika Mashariki, na sababu ya kwanza ni duka. PlayStation haina duka rasmi la Kenya wala Tanzania, ila Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, unaifungua ukiwa Dar es Salaam au Kisumu kwa akaunti yako halisi, na kadi pepe ya Visa inayotolewa kupitia M-Pesa inatosha kulipia. Bei kamili ni kubwa, lakini gemu hili huingia kwenye punguzo la Steam mara kwa mara. Liweke kwenye orodha ya matamanio upate taarifa ya barua pepe, usilinunue kwa haraka.

Kompyuta yenye RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya daraja la GTX 750 Ti inaliendesha. Ukitaka picha 60 kwa sekunde bila kukwama, lenga GTX 1060 au inayolingana nayo. Laptopu ya ofisini isiyo na kadi ya picha itahangaika maeneo ya wazi, kwa hiyo ijaribu kwanza kwa demo, yaani sehemu ya majaribio ya bure. Tenga nafasi ya GB 50 kwenye diski, na ipige hesabu ya bando kabla hujaanza kupakua.

Kuna kasoro moja hapa. XI S ilijengwa kwa ajili ya Switch, kisha ikahamishiwa mashine nyingine. Nyasi, miti na vivuli vinachorwa karibu zaidi na mchezaji kuliko katika toleo la 2018, hivyo ukipanda farasi na kukimbia utaviona vikichomoza mbele yako. Kompyuta yenye nguvu haiondoi hilo. Toleo la 2018 lenye mandhari bora liliondolewa Steam toleo la S lilipokuja, kwa hiyo muuzaji yeyote anayekuuzia namba ya kulifungulia leo mhoji vizuri ameitoa wapi.

2. XI S kwenye PS4 au PS5

Kama una PS4 au PS5 yenye sehemu ya diski, nafasi hii inaweza kuwa ya kwanza kwako. Gemu la PS4 linaendeshwa na PS5, na kwenye PS4 Pro na PS5 linafika picha 60 kwa sekunde. Toleo la 2018 lilifungwa kwenye 30. Faida kubwa ya diski ni kwamba haina mpaka wa nchi na unaweza kuiuza ukimaliza.

Tazama jalada kwa makini. Wauzaji wengi huandika tu "Dragon Quest 11", na picha waliyoweka si lazima iwe ya diski waliyo nayo. Omba picha ya diski yenyewe ukaone herufi S. Geuza upande wa chini kwenye mwanga: mikwaruzo myepesi inayotoka katikati kwenda ukingoni kwa kawaida haina neno, ila mkwaruzo mrefu unaofuata duara la diski ndio unaoweza kukwamisha usakinishaji. Diski ya Kijapani ya toleo la kwanza ina Kijapani tu, hata kama mashine yako umeiweka kwa Kiingereza. Na PS5 isiyo na sehemu ya diski haitakusaidia chochote hapa.

Ukinunua kwa kupakua, akaunti na kadi ya zawadi lazima viwe vya nchi moja. Kadi ya Marekani haiingii akaunti ya Afrika Kusini, na aliyekuuzia kadi iliyokwishakwanguliwa hatakurudishia pesa.

Mwenye Xbox One au Series X na S anapata gemu hilihili la S.

3. XI S kwenye Switch

Hili ndilo lililopata 91, na kwa haki. Gemu refu namna hii linafaa sana kuchezewa mkononi: pambano moja ukiwa kwenye daladala, jingine kitandani. Kadi za gemu za Switch nazo hazina mpaka wa nchi. Tumeliweka la tatu kwa sababu mbili tu. Linaishia picha 30 kwa sekunde na sura yake inafifia kidogo kwenye televisheni kubwa. Pia bei za kadi za Nintendo hazishuki upesi, hata zilizotumika. Ukipakua, gemu linachukua takriban GB 14, na Switch ya kawaida ina GB 32 tu za ndani, kwa hiyo huenda ukahitaji microSD. Kwa anayesafiri sana, au nyumba yenye televisheni moja ya watu sita, liweke la kwanza bila kusita.

4. Toleo la 2018 kwenye diski ya PS4

Linunue kwa sharti moja: liwe rahisi kweli, nusu ya bei ya S au chini. Mandhari yake ndiyo mazuri kuliko yote, hilo si la kubishana. Lakini unabaki na muziki wa sauti za kompyuta, unakosa sura za hadithi za wanakikosi Sylvando, Jade, Rab na Erik zilizoongezwa kwenye S, unakosa sauti za Kijapani, na kufua silaha lazima urudi kambini. Kwenye S unafua popote ulipo, hata katikati ya pango, na hilo peke yake linaokoa muda mwingi.

5. Toleo la 3DS

Ni la mkusanyaji tu. Halikutoka nje ya Japani, lina Kijapani pekee, na 3DS ina kufuli la nchi, maana yake unahitaji mashine ya Kijapani pia. Ni kitu kizuri: sehemu ya mwanzo, skrini ya juu inaonyesha dunia ya kisasa na ya chini inaonyesha tukio lilelile kwa sura ya magemu ya zamani. Mtindo huo wa zamani umo ndani ya XI S, kwa hiyo hukosi mengi.

Kabla ya kulipa

Pakua demo ya XI S. Ina takriban saa 10, haina gharama zaidi ya bando, na ulichoseva kinahamia kwenye gemu kamili ukilinunua kwa mashine na akaunti ileile. Ukipakua demo kwenye Switch kisha ukanunua ya kompyuta, unaanza upya. Icheze yote. Mwanzo wa gemu hili ni wa polepole, na hakuna toleo lililouharakisha. Ikiwa saa kumi hazikukuvuta, alama 91 haitakuvuta pia. Usitumie dirisha la kurudishiwa pesa la Steam kama jaribio, kwa sababu linafungwa ukishacheza saa 2, na hapo bado hujafika popote.

Mipangilio ya siku ya kwanza

Weka muziki kwenye okestra. Ukiuchoka wa porini, badilisha uende kwenye muziki wa Dragon Quest VIII, umo kwenye menyu. Kasi ya mapambano ipandishe hadi ya juu kabisa mara tu unapozizoea amri.

Kuhusu wepesi, dawa iko kwenye orodha ya masharti ya kuongeza ugumu iitwayo Draconian Quest, na inachaguliwa unapoanza gemu jipya tu. Baadaye unaweza kuzima sharti kanisani, lakini huwezi kuliwasha tena. Mzoefu achague mazimwi yenye nguvu zaidi. Hapo dawa, ngao na mpangilio wa kikosi vinaanza kuwa na maana, na lalamiko la wahakiki linakwisha. Sharti la kutonunua dukani linafaa kwa anayependa kufua silaha mwenyewe. Lile la aibu, ambapo shujaa anakumbuka jambo la fedheha katikati ya pambano na kupoteza zamu, linafurahisha siku mbili kisha linakera, hasa mbele ya adui mkubwa. Anayeanza magemu ya aina hii asiwashe chochote.

Ukitaka kubadilisha kati ya sura ya kisasa na ile ya zamani, unafanyia kanisani, lakini huendelei pale ulipokuwa umesimama: unachagua sehemu ya hadithi na kuanzia hapo. Seva kwenye nafasi tofauti kabla hujagusa.

Na kama saa 80 ni nyingi mno kwako, usilinunue toleo lolote kati ya haya. Angalia Dragon Quest III HD-2D Remake ya tarehe 14 Novemba 2024, iliyotoka kwa PS5, Xbox Series, Switch na kompyuta. Ni fupi zaidi, na mapambano yake yanauma mapema.